Kufutwa, Kukoma na Kufungwa: Maneno ya Kiingereza ya Ukomo wa Haki katika Migogoro ya Ardhi ya Mbulu na Hanang

Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna maneno machache ya Kiingereza yanayotaja kuisha au kufungwa kwa jambo yalivyofanya kazi katika migogoro ya ardhi ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, na ugumu unaomkabili anayeyatia maneno hayo katika Kiswahili. Si maneno ya mitaani. Ni maneno ya sheria zilizotungwa na Bunge, amri za mawaziri, hukumu na nyaraka za mashirika ya umma: "extinction", "terminate", "close", "wind up", "abandonment". Msomaji wa Kiingereza huyapita upesi kwa kuwa yote yanaonekana kubeba maana moja, yaani mwisho. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hayana maana moja. Yanatofautiana katika kumficha au kumtaja aliyeuleta mwisho huo, na katika kuacha au kutoacha nafasi ya kilichoisha kurejea. Kiingereza kinaweza kuyaacha mambo hayo gizani kwa kutumia nomino. Kiswahili, kwa sababu ya muundo wa kitenzi chake, mara nyingi hakiwezi: mfasiri hulazimika kuchagua, na uchaguzi wake humgusa mtu aliyekuwa akilima au kulisha mifugo juu ya ardhi inayozungumziwa.

Mbulu na Hanang zimechaguliwa kwa sababu mashauri mawili yanayotajwa mara kwa mara katika taaluma ya sheria ya ardhi nchini Tanzania yalitoka katika eneo hili. La kwanza ni la Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wenzao dhidi ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1985. La pili ni la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, lililoamuliwa na mahakama hiyohiyo mwishoni mwa mwaka 1994. Wakati huo eneo lote lilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Mashauri haya yamechambuliwa sana na wanasheria. Lugha yake haijapata uzito uleule.

Njia ya shauri kupita lugha nyingi

Wilaya hizi ziko mahali ambapo lugha za asili tofauti kabisa zinaishi jirani. Kiiraqw, lugha ya Kikushi iliyoelezwa kwa kina na Mous (1993), ndiyo lugha ya wengi Mbulu. Kidatooga, ambacho wasemaji wake wa Hanang hujulikana zaidi kwa jina la Wabarabaig, ni lugha ya Kinailoti. Lugha za Kibantu zinapakana nazo upande wa Singida, na Kihadza kinasemwa kuelekea Ziwa Eyasi. Kwa wazee wengi Kiswahili ni lugha ya pili.

Shauri la ardhi lililoanzia kijijini lilipita kwanza katika lugha ya wenye mgogoro, kisha katika Kiswahili cha mabaraza na Mahakama ya Mwanzo. Lilipofika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Hukumu ikishatolewa, ilirudi kwa njia ileile ikielekea chini, safari hii bila tafsiri rasmi. Mwenye shamba alielezwa na wakili au karani kilichoamuliwa. Katika maelezo hayo ya mdomo ndipo kitenzi cha Kiswahili kilipochaguliwa, mara nyingi bila mchaguaji kujua kwamba amechagua.

Nomino inayozima moto

Mwaka 1987 serikali ilitoa amri chini ya Sheria ya mwaka 1973 ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya Vijijini. Amri hiyo, Tangazo la Serikali Na. 88, ilihusu Mkoa wa Arusha, na jina lake la Kiingereza lilianza na neno "Extinction", likifuatiwa na maneno yanayotaja haki za ardhi za kimila. Miaka mitano baadaye Bunge lilipitisha Sheria Na. 22 ya 1992, iliyohusu umilikaji wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa. Ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 1992, ikatangaza tena kwa kitenzi cha shina hilohilo kwamba haki za kimila zilizokuwepo kabla ya Operesheni Vijiji zimefikia mwisho. Operesheni yenyewe ilielezwa kuwa ni uhamishaji na upangaji wa watu vijijini uliofanyika kati ya 1970 na 1977.

Nomino "extinction" katika Kiingereza ina baba wawili. Upande mmoja inatokana na kitenzi "extinguish", kuzima, ambacho kina mtendaji: mtu huzima moto, taa au deni. Upande mwingine inahusiana na sifa "extinct", inayosemwa juu ya mnyama au volkano, na hapo hakuna anayetajwa kutenda. Spishi imetoweka, mlima umepoa. Hanang wenyewe ni mlima wa volkano iliyozimika, na msomaji wa jiografia angetumia sifa hiyohiyo kuueleza. Kitenzi kinapogeuzwa nomino, tofauti kati ya kuzimwa na kutoweka inapotea. Amri yenye jina hilo inaweza kusomwa kama tangazo kwamba waziri amezizima haki, au kama taarifa kwamba haki zimekwisha zenyewe kama zinavyokwisha zama.

Kiswahili hakina nomino moja inayochukua maana zote mbili. Kuna "kutoweka", kitenzi kisicho na mtendaji hata kwa mbali. Kinachotoweka hakiulizwi nani amekitoa. Kuna "kukoma", ambacho nacho hakihitaji mtendaji lakini kinadokeza kikomo, yaani mahali palipotazamiwa tangu mwanzo. Kuna "kufa", linalosikika katika mazungumzo: haki imekufa. Upande wa pili wako "kuzimwa", "kufutwa", "kuondolewa" na "kukomeshwa", vyote vikiwa na kiambishi cha kutendwa -w-, na penye kiambishi hicho msikilizaji ana haki ya kisarufi ya kuuliza: na nani? Swali hilo si la adabu ya lugha tu. Ibara ya 24 ya Katiba inamkinga mtu dhidi ya kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili, na kunyang'anya kunataka mnyang'anyaji. Mali iliyotoweka haina wa kudaiwa.

Kati ya hizo, "kufuta" ndilo lililoshika mizizi katika lugha ya serikali: sheria hufutwa, leseni hufutwa, milki hufutwa. Uzito wake unatokana na ubao. Kinachofutwa kilikuwa kimeandikwa. Haki ya kimila ya Mbulu haikuwa imeandikwa popote. Ilijulikana kwa mipaka ya miti na vijito, kwa kumbukumbu ya nani alifyeka pori, na kwa uanachama wa eneo ambalo Wairaqw huliita aya, kama Thornton (1980) alivyoeleza. Kusema haki hiyo "imefutwa" ni kukubali, pengine bila kukusudia, kwamba ilikuwepo kwa namna ambayo dola inaitambua.

Kuna ugumu mwingine ambao hakuna kitenzi kinachoutatua. Jambo likishazimwa haliwezi kuzimwa tena. Ikiwa Amri ya 1987 ilikuwa imezimaliza haki katika eneo husika, Sheria ya 1992 ilimaliza nini? Tarehe hapa zina maana kubwa kwa sababu Hati ya Haki za Binadamu, iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, haikuweza kudaiwa mahakamani hadi Machi 1988. Mwisho uliotangazwa kabla ya mwezi huo na ule uliotangazwa baadaye ni miisho miwili yenye matokeo tofauti kisheria, ingawa Kiingereza kiliipa neno moja. Mfasiri makini atatumia "kufutwa" kwa yote mawili na kumwachia msomaji ashangae. Akitumia "kutoweka" kwa la kwanza na "kufutwa" kwa la pili, atakuwa ameshaamua shauri.

Shauri lililokomeshwa likiwa njiani

Mzozo wa Akonaay na mwanawe ulihusu kipande cha ardhi katika kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, kilichokuwa wakati huo katika Wilaya ya Mbulu na leo kiko Karatu. Mwaka 1987 walifungua shauri katika Mahakama ya Hakimu Mkazi, wakashinda, na wakakabidhiwa ardhi. Rufaa dhidi ya ushindi huo ilikuwa ikisubiri katika Mahakama Kuu, Arusha, sheria mpya ilipoanza kutumika. Sheria hiyo haikuishia kwenye kutangaza mwisho wa haki. Iliwaondolea mahakama mamlaka juu ya migogoro ya aina hiyo, ikakatisha mashauri yaliyokuwa yakiendelea, ikazuia utekelezaji wa hukumu zilizokwisha kutolewa na kuzuia fidia. Migogoro ilipelekwa kwenye baraza maalumu.

Kitenzi cha Kiingereza kilichotumika kueleza hatma ya mashauri hayo ni "terminate". Asili yake ni neno la Kilatini la mpaka, jiwe linaloonyesha shamba linapoishia; sadfa ya ajabu katika sheria ya ardhi. Katika matumizi ya leo ya Kiswahili cha Tanzania, neno hilo hutafsiriwa mara nyingi kwa "kusitisha": kusitisha mkataba, kusitishiwa ajira. Tafsiri hii ina kasoro ambayo imezoeleka hata haionekani. "Kusita" ni kusimama kidogo, kuwa na wasiwasi wa kuendelea. "Kusitisha mapigano" ni kuyasimamisha pasipo hakika kwamba vita vimekwisha, na msafiri aliyesitisha safari anaweza kuianza kesho. Mtu anayeambiwa kwamba shauri lake "limesitishwa" ana kila sababu ya kungoja liendelee. Sheria ya 1992 haikukusudia angoje.

"Kukomesha" kungekuwa sahihi zaidi kwa maana, lakini kuna harufu yake. Katika mazungumzo ya kila siku, kumkomesha mtu ni kumtia adabu. Mtoto mtundu hukomeshwa, mwizi wa mifugo hukomeshwa. Shauri "lililokomeshwa" linasikika kana kwamba mdai alikuwa mkorofi. "Kuhitimisha" nako kunapendwa na waandishi wa habari kwa ufasaha wake, ila mhitimu amefika mwisho wa masomo yake kwa kustahili. Shauri lililokatwa katikati halijahitimu. Penye kukatwa, neno la wazi lipo: "kukatisha". Linasema kwamba jambo lilikuwa na mwendo, na kwamba mwendo huo haukufika. Halina hadhi ya neno la kisheria, na huenda ndiyo sababu haliandikwi.

Jaji wa Mahakama Kuu aliyelisikiliza dai la kikatiba, Munuo, aliona sheria hiyo ni batili yote. Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa na Majaji Makame na Kisanga, haikwenda mbali hivyo. Ilivitenga vifungu vilivyokiuka Katiba na kuiacha sehemu iliyobaki. Katika kufanya hivyo ilisema mambo yaliyobadili sheria ya ardhi ya nchi. Haki ya kimila, ingawa ni haki ya kukalia na kutumia tu, ni mali inayolindwa na Ibara ya 24. Vifungu vilivyowafungia watu milango ya mahakama vilikiuka Katiba. Na fidia haiwezi kufungwa ndani ya kile ambacho sheria ya kikoloni ilikiita "unexhausted improvements".

Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusimamiwa kidogo, kwa kuwa nayo ni msamiati wa ukomo. Sifa "unexhausted" inasemwa juu ya kitu ambacho nguvu au thamani yake haijakwisha. Tafsiri inayosikika ni "maendelezo yasiyokwisha", nayo inapotosha kwa njia ya kuchekesha: inaonekana kuzungumzia maendelezo yasiyo na mwisho, ya milele. Kinachokusudiwa ni maendelezo ambayo thamani yake haijakwisha: nyumba, kisima, mti wa matunda, kitu kilichoshikamana na ardhi. Chini ya kanuni ya zamani, mtu aliyeondolewa alilipwa thamani iliyobaki ya vitu hivyo, na ardhi yenyewe haikuhesabiwa. Mahakama ya Rufani iliona kwamba hata pasipo maendelezo ya aina hiyo, aliyeweka juhudi yake katika ardhi anastahili fidia ya haki akinyang'anywa. Kwa mkulima wa Mbulu, ambaye mteremko wake umeshikiliwa na makinga maji na samadi ya miaka mingi, uamuzi huo ulikuwa na maana ya moja kwa moja. Kwa mfugaji wa Hanang swali lilibaki: juhudi ya kulihifadhi lisho kwa kuliacha lipumzike inaonekana wapi?

Kufunga: neno lenye nyuso mbili

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, nyanda za Basotu wilayani Hanang ziligeuzwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, chini ya NAFCO. Mashamba yalifikia saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Warret, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000. Nyanda hizo zilikuwa sehemu ya malisho bora ya Wabarabaig, yale waliyoyaita muhajega, yaliyolishwa kwa msimu na kuachwa kwa msimu. Lane (1996) ameeleza mzunguko huo kwa urefu. Njia za mifugo zilikatwa, na makaburi ya wazee, bung'eda, vilima vinavyojengwa kwa heshima na kwa ibada ya miezi mingi, yaliingia ndani ya maeneo yaliyolimwa kwa trekta.

Kitenzi cha Kiswahili kwa jambo hili ni "kufunga", na ni kitenzi cha kutatanisha. Kiingereza "close" kikisemwa juu ya shughuli maana yake ni kuisha: duka limefungwa, kiwanda kimefungwa. Lakini "kufunga" kwa asili ni kukaza kamba. Ndiyo maana kufunga ndoa ni kuianza wala si kuivunja, kufunga safari ni kuondoka, na kufunga mkataba ni kujifunga nao. Hata "kifungu" cha sheria ni mali ya shina hili. Shamba la ngano la Hanang lilifungwa mara mbili, kwa maana mbili zinazopingana. Mara ya kwanza lilifungwa dhidi ya wafugaji, na kufungwa huko kulikuwa mwanzo wa shughuli. Mara ya pili, baada ya msaada wa Kanada kumalizika na mashirika ya umma kuingizwa katika ubinafsishaji ulioratibiwa na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, shughuli yenyewe ndiyo iliyofungwa.

Kufunga kuna kinyume chake kilichojengwa ndani ya lugha: funga, fungua. Kiambishi -u- cha utenguzi hukifanya kitendo kirudi nyuma, kama katika ziba na zibua, tega na tegua. "Futa" haina mwenzake wa namna hiyo. "Futua" ipo lakini imekwenda na maana nyingine. "Koma" haina. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anaposikia kwamba kitu kimefungwa, lugha yake inampa matarajio ambayo "futwa" na "koma" hazimpi: kilichofungwa kitafunguliwa. Matarajio hayo hayakuwa mageni kwa mazingira ya wilaya hizi. Wairaqw wana desturi ya metimani, ambapo mtu au kaya iliyopatwa na kifo au tukio jingine la najisi hujitenga na majirani kwa muda uliowekwa na kisha hurudi katika jamii. Ni kufungwa kwenye tarehe ya kufunguliwa.

Shirika la NAFCO lilipofungwa, je, ardhi ilifunguliwa? Katika Kiingereza cha nyaraka swali hili halikujitokeza kwa umbo hilo, kwa kuwa neno la kufunga shirika halikuwa "close" bali "wind up" na "liquidate", maneno ya kukunja uzi na ya kugeuza mali kuwa fedha. Kiswahili kilishachukua neno la Kiarabu, "kufilisi", na mtendaji wake "mfilisi". Mfilisi hafungui chochote. Anakusanya mali, anaiuza, analipa wadai. Haki ya kumiliki ardhi iliyotolewa kwa shirika ni mali kama trekta na maghala yalivyo mali, na kwa mantiki hiyo haikuweza kurudi yenyewe kwa waliokuwa wakilisha mifugo kabla ya shirika. Kilichotokea kilitofautiana shamba kwa shamba: baadhi ya mashamba yalikwenda kwa wawekezaji, mengine yaligawiwa vijiji. Yaliyogawiwa yalihitaji tendo jipya la serikali. Hakuna shamba lililorejea kwa sababu tu shirika lilikuwa limekoma kuwepo.

Shauri la Mulbadaw lilikuwa limeonyesha mapema kwa nini. Wanakijiji walipata ushindi wa kiasi katika Mahakama Kuu mwaka 1984. Mahakama ya Rufani ikautengua, pamoja na mambo mengine kwa sababu halmashauri ya kijiji haikuwa imethibitisha kwamba iligawiwa ardhi hiyo, na kwa sababu baadhi ya wadai hawakuwa wamethibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Katika hukumu hii hakuna neno la kufuta wala la kukoma. Haki haikumalizwa, ilionekana kwamba haikuthibitishwa kuwepo. Hiyo nayo ni njia ya kufikia mwisho, na Kiswahili kina neno linaloikaribia: "batili", jambo lisilo na nguvu tangu lilipoanza. Anayetafsiri "quash", "revoke" na "nullify" kwa neno moja "kubatilisha" anapaswa kukumbuka kwamba amesema zaidi ya kufuta. Amesema hakukuwa na kitu.

Kuondoka si kutelekeza

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, inayotumika sasa, ina kifungu kuhusu ardhi iliyotelekezwa. Miongoni mwa mazingira yanayotajwa ni mwenye haki kutoikalia wala kuitumia ardhi, hata kwa kuiacha ipumzike, kwa muda usiopungua miaka mitano. Kwamba kuipumzisha kumehesabiwa kuwa ni kuitumia ni hatua ya maana. Hata hivyo kitenzi "kutelekeza" kinabeba lawama ambayo "abandon" haibebi kila mara. Baba hutelekeza watoto. Mfugaji aliyehama na mifugo akifuata mvua hajatelekeza, na hata neno "kuacha" peke yake halimtoshi, kwa maana amehama akiwa na nia ya kurudi. Kiswahili cha wafugaji kina "kuhama" na "kuhamia", na hakuna kati ya hayo linalosema mwisho.

Baada ya 2021

Suala hili limeacha kuwa la wanaisimu peke yao. Sheria Na. 1 ya 2021 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na pia lugha ya mahakama za ngazi zote, kukiwa na nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapotaka hivyo. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinapaswa kutafsiriwa. Kila "extinguish", "terminate" na "cease" itapata kitenzi cha Kiswahili, na kitenzi hicho ndicho kitakachosomwa na mabaraza ya vijiji pasipo mtu wa kueleza kilichokuwa nyuma yake.

Kishawishi cha watafsiri kitakuwa kuweka istilahi moja kwa neno moja, kwa ajili ya usawa. Katika maneno mengi huo ni utaratibu mzuri. Katika maneno ya ukomo ni hatari, kwa kuwa neno moja la Kiingereza limebeba matendo yenye watendaji na matukio yasiyo na watendaji. Kigezo kinachofaa kutangulia ni cha kisarufi na ni chepesi: mahali ambapo chombo cha dola ndicho kilichomaliza haki, kitenzi kiwe cha kutendwa, na chombo kitajwe kwa "na". Mahali ambapo haki imefika mwisho wa muda wake, kama vile hati ya miaka 33 iliyotimia, "kukoma" kunatosha na ni sahihi.

Jina la Amri ya 1987 linaweza kuwa mfano. "Amri ya Kutoweka kwa Haki za Ardhi za Kimila" ni tafsiri fasaha na ni ya uongo, kwa kuwa amri haiwezi kusababisha kutoweka. Inaweza kufuta tu. "Amri ya Kukoma" inadokeza kikomo ambacho hakikuwepo. "Amri ya Kufuta Haki za Ardhi za Kimila" ina mtendaji, ambaye ni waziri aliyetia saini. Bado hata hiyo inamsahau mtu mmoja. Kiswahili kina umbo ambalo Kiingereza hakina, kauli ya kutendea iliyoungana na kutendwa, inayomweka aliyeathirika mahali pa kiima. Haki zilifutwa, ndivyo sheria inavyosema. Wakazi wa Mbulu walifutiwa haki, wangeweza kusema wao wenyewe, na sentensi hiyo humweka aliyefutiwa mwanzoni mwake.